Rosa Mistika, Peponi na Mzee Rukhsa: nimemaliza viwili na nusu, nifuatishe nini?

MsomajiWaKisasa

Wakuu, heshima mbele. Mimi ni msomaji wa kawaida, si mtu wa fasihi, na mwendo wangu ni vitabu viwili kwa mwezi. Maoni yangu kwa vya karibuni:

Rosa Mistika ya Kezilahabi ni fupi, inakwenda mbio, na hasira yake bado ya moto ingawa ilitoka 1971. Zakaria, baba yake Rosa, nimemchukia kuliko hata Deogratias aliyemlaghai binti. Sijui kama mwandishi alitaka hivyo.

Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ina Kiswahili kitamu sana. Msafara wa kwenda bara umenishika, ila mwisho umekatika kama uzi: kijana anakimbilia safu ya askari wa Mjerumani, basi, kitabu kimeisha.

Mzee Rukhsa, tawasifu ya Mzee Mwinyi, ndiyo hiyo nusu. Utoto na ualimu nimesoma kwa raha. Nilipofika kwenye vyeo na teuzi nikakwama, majina ni mengi.

Naomba msaada: mwisho wa Peponi mnauelewaje? Tawasifu ya kiongozi inasomwaje bila kuzama? Na nifuatishe riwaya gani moja na tawasifu gani moja? Kama kuna kinachogusa huku kwetu Dodoma, nitashukuru zaidi.

KalamuYaMpwapwa

Mkuu, nianze na Peponi, maana wengi wanalalamikia mwisho huo huo.

Kumbuka Yusuf, kijana mwenyewe, anaondoka kwao akiwa na miaka 12 akidhani Aziz, mfanyabiashara anayemchukua, ni ndugu wa ukoo. Ni Khalil, kule dukani, anayemfungua macho: hakuna undugu, umewekwa rehani kwa deni la baba yako. Tangu hapo kila anapokwenda kuna mtu aliyempeleka. Dukani kapelekwa, mlimani kaachwa, kwenye msafara kachukuliwa. Sasa hesabu ni mara ngapi katika kitabu kizima ameamua jambo zito kwa akili yake. Utaona kule kukimbia mwishoni ndiyo mara yenyewe, na anakokimbilia ni kwa bwana mwingine, mkali kuliko wa kwanza. Rudia kurasa mbili tatu za mwisho, kile kipande cha mbwa wanaokula uchafu ulioachwa na askari. Yusuf anawatazama mbwa wale na kujiona yeye. Ukikipita kipande hicho haraka, mwisho lazima uonekane umekatika.

Kosa la pili la wasomaji ni kuichukua kama hadithi ya safari tu. Msafara ndio unaosisimua, kweli, lakini funguo ziko kwenye bustani ya Aziz. Anayekijua kisa cha Nabii Yusuf na mke wa Aziz katika Kurani atashtuka kwenye ile kanzu inayochanwa kwa nyuma, na jina la Zulekha, mke wa Aziz wa riwaya, halikuwekwa kwa bahati. Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa ambayo wasomaji wengi wa Kiingereza hawana.

Kuhusu huku kwetu: miji mingine ya riwaya ni ya kubuni, kwa hiyo usiitafute kwenye ramani. Ila biashara yenyewe ilikuwepo, na njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo. Huku misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, ili ipite na ipate maji, na maji ndiyo yaliyowapa watemi wa Kigogo nguvu ya kudai. Ukilijua hilo, yale majadiliano marefu ya zawadi na ushuru ndani ya Peponi hayachoshi tena. Kisha reli ya Mjerumani ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, na mtu kama Aziz akawa hana kazi. Kitabu kinasimama ukingoni mwa vita. Ndiyo maana hakiwezi kuendelea na biashara ile ile: haipo tena.

Kama unasoma Kiingereza, Afterlives ya Gurnah huyo huyo, ya 2020, ndiyo ya kufuatisha. Hamza wa humo si Yusuf, lakini naye alitolewa kwa mfanyabiashara utotoni na akajiunga na askari kwa hiari yake. Isome baada ya Peponi, usitangulize. Ukitanguliza, utakwenda Peponi ukiwa unajua vita vilimfanya nini kijana wa aina ile, na ule wasiwasi wa kurasa za mwisho utakuwa umekufa.

BiTawasifu

Kaka, kwenye Mzee Rukhsa tatizo ni namna ya kuisoma. Tawasifu ya kiongozi haisomwi kama riwaya, mstari kwa mstari, kwa sababu ndani yake mna vitabu viwili vimeshonwa pamoja: maisha ya mtu na kumbukumbu za ofisi.

Chukua karatasi moja, ikunje iwe alama ya ukurasa. Chora safu tatu: mwaka, cheo, nani alikuwa juu yake. Usizidishe mistari kumi na tano. Kwa Mzee Mwinyi, nguzo ni hizi: kuzaliwa Kivure, Pwani, 1925, kupelekwa Unguja angali mtoto, ualimu, kujiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mauaji ya raia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga miaka ya 1970, urais wa Zanzibar 1984, urais wa Muungano 1985, Azimio la Zanzibar 1991, vyama vingi 1992, kung'atuka 1995. Jina jipya likitokea, jiulize linaangukia kati ya nguzo zipi. Kama halirudi tena ndani ya kurasa kumi, liache liende zake.

Kuruka si dhambi. Orodha za ziara na teuzi ruka, ila sura ya kujiuzulu usiiruke. Pale mtu hakuua yeye wala kuamuru, na bado anabeba dhamana. Kwangu hicho ndicho kiini cha kitabu, kuliko hata sera za rukhsa.

Halafu angalia umbali kati ya tukio na kalamu. Mzee Mwinyi kitabu kilitoka 2021, miaka 26 baada ya kuondoka Ikulu. Cha Mzee Mkapa, My Life, My Purpose, kilitoka 2019, miaka 14 baada ya kuondoka kwake. Miaka ikiwa mingi, ukali hupungua na mengine husahaulika, lakini mwandishi naye huwa huru zaidi kukiri. Mkapa aliandika kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 ni doa katika uongozi wake. Kukiri kwa namna hiyo si kwa kawaida katika tawasifu za viongozi, na ukitaka kupima nyingine, pimia hapo: je, kuna mahali mwandishi anajitia hatiani bila kulazimishwa?

Kisha soma kwa jozi. Tawasifu ya kiongozi inaeleza sera ilivyoonekana kutoka mezani, riwaya inaeleza ilivyofika kijijini. Kwa hiyo riwaya yako ya mwezi ujao iwe Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, 1979. Inahusu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na vijana wake wasomi wawili, Mambosasa na Mamboleo, wanaingia wakidhani wanajua kila kitu. Imewekwa Ukerewe, lakini Dodoma tulikuwa na Operesheni yetu, ya 1971, kwa hiyo wazee wa vijijini huku wanaweza kukuambia ni wapi riwaya imepatia na wapi imekosea. Zungumza nao baada ya kuimaliza, usiwaulize kabla, maana utabaki unahakiki badala ya kusoma.

Tahadhari moja: umempenda Kezilahabi wa Rosa Mistika, basi usirukie Nagona eti kwa sababu ni nyembamba. Ile ya 1990 haina hadithi inayokwenda moja kwa moja, ina ndoto na mafumbo, na wengi huitupa mapema wakajiona hawana akili. Pita kwanza Kichwamaji.

Mtu_wa_Ihumwa

Mnamsahau mwenyeji. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa hapa hapa, 1917. Watu wanamjua kwa ngonjera na kwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, lakini aliacha pia tawasifu, Maisha ni Kugharimia. Alifariki 1969, kitabu kikachapishwa 2013. Alikuwa karani wa kodi, baadaye hakimu, kwa hiyo anaiona serikali ya mkoloni kutoka ndani na kwa cheo cha chini, jambo ambalo marais hawawezi kukupa.

Nakala zake ni za kutafuta kwa subira. Ulizia maktaba ya mkoa au ya chuo kikuu kabla ya kuagiza mbali.

Fundi_wa_Vitabu

Nakubaliana na jozi za BiTawasifu, ila jozi bora katika Kiswahili ni ya mwandishi mmoja: Maisha Yangu na Kusadikika, zote za Shaaban Robert. Katika Maisha Yangu anaongea mtumishi wa serikali ya mkoloni, mpole, mwenye adabu, anayemwombea kila mtu heri. Katika Kusadikika, 1951, mtu huyo huyo anamsimamisha Karama mahakamani atetee haki ya raia kusikilizwa, na visa vya wajumbe sita walioteswa kwa kutaka kuleta mema vinatajwa mbele ya wakubwa waliowatesa. Asichoweza kukisema kwa jina lake alikisema kwa nchi ya kufikirika. Anza na tawasifu. Ukianza na Kusadikika, hutausikia ule ukimya wa kwenye tawasifu.

Msamiati wake ni wa zamani. Usifungue kamusi kwa kila neno, utachoka ukurasa wa tano. Weka alama ya penseli, maliza sura, kisha tafuta yale tu yaliyojirudia.

Na kwa sababu utanunua nakala za mitumba au za kurudufu, kagua kabla ya kulipa. Vitabu huchapwa kwa mikunjo, mara nyingi ya kurasa 16, hivyo mkunjo ukikosekana namba zinaruka, kwa mfano kutoka 48 hadi 65. Pitisha kidole kwenye namba tu, dakika mbili zinatosha. Nakala iliyorudufiwa ina maandishi yanayopinda karibu na mgongo, na mara nyingi ukurasa wa haki za mchapishaji haupo. Kitabu cha gundi kikiwa kipya, hasa kiangazi cha Dodoma ambacho hukausha kila kitu, usikipasue katikati. Kilaze kwa mgongo, fungua kurasa chache za mbele, chache za nyuma, ukielekea katikati. Ukikivunja ghafla, gundi kavu hupasuka na kurasa za katikati zinaanza kudondoka kabla hujafika mwisho.

MsomajiWaKisasa

Ahsanteni sana. Kipande cha mbwa nimekirudia, kweli nilikipita mbio. Nachukua Gamba la Nyoka na Maisha Yangu, Mnyampala naanza kumtafuta. Swali dogo: Haini ya Adam Shafi ni riwaya au tawasifu? Nasikia watu wanaibishania.

BiTawasifu

Ni riwaya, ya 2003, juu ya kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Mzee Karume Aprili 1972. Tawasifu yake ni Mbali na Nyumbani, 2013. Hiyo ya pili ina mwendo wa riwaya, utaimaliza mapema. Haini ina mateso ya gerezani yaliyoelezwa bila kufunika, kwa hiyo usiisome usiku wa manane, na usiiweke mwezi mmoja na Gamba la Nyoka. Kama una safari ya Dar kwa treni ya umeme, beba Mbali na Nyumbani: kwa mwendo wa kurasa 25 kwa saa, kwenda na kurudi utakuwa umekula zaidi ya kurasa 150.