Jambazi lazima akamatwe mwishoni? Miisho miwili ya Infernal Affairs

Wakuu, habari za jioni.

Nimeirudia Infernal Affairs, ile muvi ya Kikantoni ya 2002 kutoka Hong Kong, ya waongozaji Andrew Lau na Alan Mak. Ambao hamjaiona mniwie radhi, nafichua mwisho. Tony Leung ni askari aliyepandikizwa kwenye genge, Andy Lau ni kijana wa genge aliyepandikizwa polisi. Kila upande unajua una msaliti ndani, na wote wawili wanaanza kusakana bila kujuana sura. Presha tupu! Risasi zenyewe ni chache. Kinachokukaba roho ni kidole cha Tony Leung kikigonga alama za Morse kumpa taarifa mkubwa wake wa polisi, na bosi wa genge yupo chumba kicho hicho.

Sasa mada. Kwa watu wa Hong Kong, Tony Leung anapigwa risasi ya kichwa kwenye lifti na msaliti mwingine, kisha Andy Lau anatoka mzima, kitambulisho cha polisi mkononi. Kwa soko la China bara ukatengenezwa mwisho mwingine: msaliti anatoka kwenye lifti, anaambiwa ushahidi dhidi yake umepatikana, anatiwa mbaroni. Wakaguzi kule hawataki mhalifu aonekane amepona.

Mimi nasema mwisho huo umeiharibu kazi. Muvi inaanza na maneno ya Kibudha kuhusu jehanamu mbaya kuliko zote nane, yenye mateso yasiyokatika. Halafu mtu wa jehanamu hiyo unampa pingu? Pingu ni nafuu. Aliyefungwa angalau anajulikana yeye ni nani. Huyu anasimama kaburini kwa Tony Leung amevaa sare, anapiga saluti, na hana wa kumwambia. Sehemu ya tatu, ya 2003, inaonyesha akili zikimruka kabisa.

Wala tusiwasimange Wachina peke yao. Marekani walikuwa na kanuni za filamu zilizoitwa za Hays, zilizobana kuanzia 1934 hadi 1968: uhalifu usionekane unalipa. (Kichekesho ni kwamba walipoirudia hadithi hii 2006 kama The Departed, hakuna aliyewashikia bunduki, bado wakamuua msaliti.) Na jirani zetu Kenya, 2018, muvi ya Rafiki, ya mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku, na mwongozaji wake Wanuri Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadili mwisho kwa sababu hauonyeshi majuto ya kutosha.

Serikali iwe na haki ya kuchagua hadithi iishe vipi? Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, njoo uswahilini uone nani anaangalia hizo muvi. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kinajaa watoto wa shule ya msingi. Mtoto haoni jehanamu ya Kibudha, anaona suti kali na mtu aliyeua akaondoka zake. Halafu hao triad, yaani magenge ya Kichina, sio hadithi tu. Januari 1992 wasanii wa Hong Kong waliingia barabarani kuandamana, wamechoka kutishwa na magenge yaliyojipenyeza kwenye filamu. Watu wa namna hiyo ndio tuwapambe?

Mleta mada

Kuhusu watoto uko sahihi, ila hilo linamalizwa mlangoni. Hong Kong wana madaraja ya umri tangu 1988. China bara hawana, ndiyo maana kila muvi inalazimika kumfaa babu na mjukuu kwa pamoja. Mwenye kibanda akishapokea hela ya mtoto wa darasa la nne, hata ukimfunga Andy Lau mara kumi mtoto ameshaona damu ya saa nzima na nusu. Na hayo maandamano yananisaidia mimi: waliwapinga majambazi wa kweli wanaowatisha, hawakudai jambazi wa kwenye skrini afungwe.

Mchangiaji wa pili

Mnahangaika na Beijing, wakati huku kwetu mwisho anaubadili mtafsiri! Niliwahi kuona muvi ya Kichina kibandani, jambazi anatokomea na boti, jamaa kwenye maiki akasema, "Huyo hafiki mbali, polisi wa Bukoba wanamsubiri ng'ambo." Banda zima likalipuka. Watu tulitoka tumeridhika kabisa kwamba kakamatwa. Huyo naye ni mkaguzi?

Mleta mada

Hahaha, huyo apewe maua yake. Lakini boti si uliiona ikiondoka? Ulikuwa na picha yako na yeye ana maneno yake, ukachagua kumwamini. Aliyekata tiketi ya sinema China bara hakupewa cha kuchagua. Ya Hong Kong hakuonyeshwa.