Bendera ya K'Ogalo juu ya jeneza: tumuage vipi shabiki mwenzetu?

KatibuTawi_Nakuru

Habari zenu wanajamvi. Tawi letu hapa Nakuru limefiwa. Aliyetutoka ni shabiki wa Gor Mahia, K'Ogalo yetu, ambaye hakuna basi la mechi lililoondoka bila yeye. Ndiye aliyebeba ngoma na ndiye aliyehesabu watu kabla dereva hajawasha gari. Mwili uko mochari hapa mjini. Kamati ya familia imepanga mazishi Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani kwake upande wa Yala, Siaya. Wameturuhusu kushiriki, ila mama mjane ametuomba jambo moja: pasiwe na fujo.

Tunafikiria bendera juu ya jeneza, jezi, basi moja la mashabiki, mchango, na kumkumbuka kwenye mechi ya nyumbani inayofuata. Mashemeji wa Ingwe (AFC Leopards, wapinzani wetu wa dabi) nao wameomba kuja, na baadhi yetu wanasita. Wenye ujuzi naomba mnieleze kinagaubaga: vipimo, saa, nani aombwe ruhusa, na mambo gani huharibika.

MwekaHazina_Milimani

Poleni sana. Anzeni na familia, kisha pesa, kisha mambo mengine. Chagueni watu wawili tu wa kuongea na kamati ya mazishi. Mashabiki kumi wakipiga simu kumi, familia hupata majibu kumi na mwishowe huacha kupokea.

Ulizeni dhehebu mapema, kwa sababu ndilo linaloamua mengi. Kanisa lingine hukubali bendera ibadani, lingine hutaka ibaki nje hadi sala ya mwisho. Ngoma na vuvuzela ni vivyo hivyo. Muulizeni mchungaji au katekista mwenyewe, msitegemee neno la binamu. (Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na msiba mwingine: Wasabato hawaziki Jumamosi, na Mwislamu huzikwa upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo, hata mashabiki hawapati nafasi ya kupanga msafara. Hapo kumbukumbu ifanyike uwanjani baadaye.)

Mchango usiingie kwenye simu ya mtu mmoja pamoja na pesa zake za sukari. Tumieni laini isiyo na kazi nyingine, au akaunti ya tawi kama mnayo, na watu watatu waone taarifa yake. Kumbukeni M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na muamala mmoja haupiti 250,000. Kila jioni saa mbili tumeni orodha kwenye grupu: jina, kiasi, jumla. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika msiba hupotea na urafiki juu yake.

Andikeni namba ndani ya picha ya tangazo pamoja na jina linalotokea mtu anapotuma. Matapeli huchukua tangazo la matanga wakabadilisha namba tu. Fungeni mchango Alhamisi usiku. Pesa akabidhiwe mweka hazina aliyetajwa na kamati ya familia, mbele ya mzee mmoja, kwa maandishi. Asipewe ndugu wa kwanza atakayefika kwenye hema.

Jambo moja husahaulika kila mara: bili ya mochari huongezeka kila siku. Jumatano mwombeni mtu wa familia aulize salio *pamoja na* siku ya Ijumaa. Wengi hulipa salio la Jumatano, halafu Ijumaa asubuhi gari la maiti linakaa langoni saa mbili watu wakitafutana kwenye simu.

Cherehani_Kibuye

Poleni, ndugu zangu. Niseme kuhusu bendera na jezi, maana hapo ndipo mapenzi yenu yataonekana kwa macho.

Bendera za kupunga uwanjani hazifai. Ile ya futi 3 kwa 5 ikilazwa juu ya jeneza huonekana kama leso. Jeneza la mtu mzima lina urefu wa karibu sentimita 190, na mabegani upana wa kama 60. Mnataka kitambaa kianguke sentimita 30 kila upande, kwa hiyo kipimo kilichomalizika ni sentimita 250 kwa 120. Nunueni mita 2 na nusu pamoja na kipande cha pindo, jumla mita 2.7, ya kitambaa cha upana wa inchi 60. Msizidishe mwanguko huo wa 30. Ukishuka zaidi utafunika mishikio, na wabebaji sita watashika kitambaa badala ya jeneza.

Msinunue satini. Inang'aa vizuri dukani, lakini juu ya mbao zilizopigwa vanishi huteleza, na mkifika Maseno itakuwa imeshuka miguuni. Chukueni pamba iliyochanganywa na polista. Kabla ya kulipa, lowesheni kitambaa cheupe mkisugue kwenye kijani ya bendera. Kikitoka na rangi, acheni. Mvua ya Kericho ikikipata, mashati ya wabebaji yataharibika yote.

Pindo liwe la sentimita 4, na ndani ya kila pembe fundi ashone washa mbili za chuma zile za bolti. Uzito huo mdogo ndio unaozuia upepo kukifunua. Msipige pini za ubao wala misumari. Vanishi hupasuka, na familia ililipia lile jeneza. Lastiki nyembamba ipite chini ya jeneza kutoka pembe hadi pembe, inatosha. Nembo ya klabu ichapishwe kando kwenye kipande cha sentimita 40 kwa 40, kisha ishonwe upande wa kifuani.

Jezi: mpelekeeni mhudumu wa mochari siku moja kabla, pamoja na nguo nyingine za familia, si asubuhi ya kuondoka. Mwili huwa mgumu, mikono haikunjiki, kwa hiyo mara nyingi jezi hukatwa mgongoni toka shingo hadi chini ndipo ivalishwe. Msitoe jezi iliyosainiwa na wachezaji wala aliyoazima mtu. Saizi iwe moja juu ya aliyovaa, na chini yake kuwe na fulana nyeupe, kwani dawa ya kuhifadhia inaweza kupenya ikaacha doa. Skafu ya klabu shingoni husaidia kufunika alama ya dawa kama ipo. Lakini suti au jezi, uamuzi ni wa mjane. Akisema suti, jezi ikunjwe iwekwe kando ya mkono wake wa kulia.

Mpangaji_Luanda

Fundi amesema vyema, ila nembo kifuani ni kosa ikiwa jeneza lina kidirisha cha kioo, na mengi siku hizi yanacho. Wakati wa kumtazama marehemu bendera hukunjwa hadi kiunoni, na nembo hupotea ndani ya mkunjo kwa saa zote ambazo watu wako wengi. Hata jeneza lisipokuwa na kioo, mashada huwekwa kifuani. Shoneni nembo kuanzia sentimita 150 kutoka ukingo wa kichwani. Itaonekana bendera ikiwa imefunguka, na itaonekana ikiwa imekunjwa.

Bendera itolewe kabla ya kamba za kushushia hazijapitishwa. Wawili wasimame kichwani, wawili miguuni. Ikunjwe mara mbili kwa urefu, kisha iviringwe kuelekea kichwani. Fanyeni mazoezi Ijumaa jioni kwa meza. Kaburini ardhi ni mbichi, watu wanasukumana, na mikono hutetemeka.

Dereva_MauSummit

Poleni wenzetu. Kutoka Nakuru hadi Yala kupitia Kericho na Kisumu ni zaidi ya kilomita 200. Gari la abiria halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Na msafara wa matanga huenda kwa mwendo wa gari lililo polepole zaidi, kwa hiyo hesabuni saa sita za safari. Ondokeni mochari Ijumaa saa tatu asubuhi. Mkichelewa hadi saa sita, mvua ya mchana ya Kericho itawakuta njiani, na mtaingia Kisumu jioni foleni ikiwa imekaza.

Matatu au basi dogo lililosajiliwa kwa njia fulani likitoka nje ya njia hiyo linahitaji kibali cha muda cha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mwenye gari ndiye anayekiomba; nyinyi mwambieni awaonyeshe kufikia Alhamisi. Nakala ya kibali cha mazishi iwe kwenye gari la maiti. Kuanzia Salgaa hadi Mau Summit malori ni mengi na yameua watu wengi, kwa hiyo hapo hakuna kupitana ili kupiga picha. Hakuna mtu dirishani wala juu ya paa. Viti 33 ni watu 33. Kiongozi wa basi awe na karatasi ya majina pamoja na namba ya mtu wa karibu wa kila abiria. Aliyekuwa akihesabu watu hayupo, kwa hiyo mteueni mwingine kabla ya Ijumaa na wote wamjue.

Kusimama Kisumu ni sawa, lakini si Kondele. Pale gari tatu zikisimama, barabara imefungwa, na vijana wasiowajua wataungana nanyi. Simameni nje ya Moi Stadium dakika kumi, imbeni, mwendelee. Mkitaka kutembea kwa miguu mjini, barua iende kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo. Sheria inataka taarifa siku 3 kabla, na isiwe zaidi ya siku 14.

Ingwe_Lurambi

Mulembe, na poleni sana, mashemeji. Msisite kutukaribisha. Mechi yetu inaitwa ya mashemeji kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana tangu zamani. Uwanjani tunabishana, msibani sisi ni wakwe. Mkwe anayekosa mazishi ndiye huulizwa.

Utaratibu ufaao ni huu. Wageni waje kwa jezi zao za buluu na nyeupe, waketi pamoja, shada moja, msemaji mmoja, dakika mbili. Nyimbo za kutaniana kwenye dabi zibaki kwa siku ya dabi. Huwezi kujua ni mtoto gani wa marehemu anayesikiliza bila kujua kwamba ni utani.

Tukiombwa kuleta isikuti, ni seti ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na haipigwi nusu. Ngozi hulegea kwa umande wa mkesha na sauti huwa butu, kwa hiyo patengwe moto mdogo wa kuzipashia, mbali na hema. Lakini kwa Waluo kuna desturi yao ya tero buru, ya kufukuza kifo, na hiyo inaongozwa na wazee wa ukoo. Wao ndio husema kama inamfaa marehemu, na saa ngapi. Kelele za mashabiki, zenu na zetu, zisiingilie kati. Fataki za moshi acheni kabisa: kwenye boma lenye nyasi kavu ni hatari, na uwanjani haziruhusiwi.

Mpangaji_Luanda

Naongeza mawili. Mkesha wa watu 60, kila mtu vikombe viwili: maji lita 22, maziwa lita 14, sukari kilo 3, majani ya chai gramu 300, mikate mikubwa 10. Pelekeni vyenyewe badala ya kungoja jiko la familia, ambalo tayari limezidiwa. Muziki wa disko matanga serikali imeupiga marufuku na chifu atafika, kwa hiyo msiupeleke.

Wasifu wa tawi uwe ukurasa mmoja, maneno kama 350, ambayo ni dakika tatu. Ombeni nafasi kabla ya wanasiasa, na mshereheshaji aiandike kwenye programu. Hakikini miaka. Gor ilichukua Kombe la Washindi Afrika 1987 mbele ya Espérance ya Tunis, sare 2-2 kisha 1-1, kwa mabao ya ugenini. Ubingwa wa ligi wa 1995 haukufuatwa na mwingine hadi 2013. Kama mwenzenu alikuwa kwenye basi katika miaka hiyo 18, semeni hivyo tu, kwa miaka na viwanja alivyofika. Kila mpenzi wa mpira aliyeketi pale ataelewa uzito wake bila kuongezewa sifa.

Uwanjani: kimya cha dakika moja hupitia kwa viongozi wa klabu, nao humwomba kamishna wa mechi. Barua ifike siku mbili kabla, ikiwa na jina kamili. Ikikataliwa, makofi ya dakika ya 12 hayahitaji ruhusa ya mtu. Bango la mita 3 kwa 1 lisiwe na fito za chuma, na lifike kabla ya mageti kufunguliwa. Mahali alipozoea kuketi wekeni skafu.

KatibuTawi_Nakuru

Asanteni sana, wakubwa kwa wadogo. Tumeshakaa na familia. Jeneza lina kidirisha, kwa hiyo nembo inashuka chini kama mlivyosema. Mama amekubali jezi, na amesema mashemeji waje. Limebaki swali moja: bendera izikwe naye au irudi kwenye tawi?

Cherehani_Kibuye

Isizikwe, na isirudi kwenye tawi kabla hajaulizwa mama. Mwambieni fundi akate ule mshono wa washa kwenye pembe nne kabla hamjamkabidhi mama, ili aweze kuifua. Na fundi aandike jina la marehemu na mwaka kwa uzi mweupe ndani ya pindo, upande wa kichwani.