Nyumba ya urithi Mji Mkongwe tunaigeuza hoteli: mgeni akiingia akutane na nini kwanza?

Bint Kiponda

Assalaam alaykum. Naomba ushauri wa watu wa hoteli na wa ujenzi. Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya ghorofa mbili Kiponda, tunataka iwe hoteli ndogo ya vyumba tisa. Juu tumeshaelewana. Ugomvi uko chini, mlangoni.

Ukitoka uchochoroni unakuta baraza mbili za mawe, moja kila upande, halafu mlango wa kuchonga wenye kizingiti cha kunyanyua mguu, halafu kijiukumbi chembamba chenye kiza. Unapinda kushoto, ndipo unauona ua. Kaka yangu anataka tuvunje ukuta unaoipindisha njia, kaunta kubwa itazamane na mlango, ua uezekwe kwa plastiki, tuweke mlango wa kioo na kiyoyozi. Anasema mtu aliyeshuka boti ya Dar kwenye jua la saa saba anataka baridi, na anataka kumwona wa kumpokea, si kupapasa kizani. Mimi moyo unakataa ila hoja sina. Gari haifiki kwetu, kwa hiyo wageni watakuja kwa miguu na mabegi yao kwenye mkokoteni. Mnasemaje?

Mpokezi wa Zamani

Wa alaykum salaam, dada. Nimesimama nyuma ya kaunta Shangani na baadaye Lamu mpaka nywele zikapukutika, na kaunta ndiyo kitu cha mwisho ambacho ningemwonyesha mgeni.

Mtazame anavyofika. Jasho linamtoka, vichochoro vimemzungusha, mkono mmoja hauachi pochi, na mwenye mkokoteni anataka chake. Ukimpokea kwa "pasipoti tafadhali", umemuongezea kazi. Malalamiko mengi niliyoletewa kuhusu shuka na maji ya moto yalitoka kwa watu walioudhika mlangoni, kabla hawajakiona chumba.

Waliojenga nyumba hizi walijua kumwingiza mtu kidogo kidogo. Lamu utaliona vizuri: daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, lenye baraza, ambapo asiye na shughuli ya ndani anamalizia mazungumzo yake na kuondoka, kisha njia inapindishwa ili jicho la uchochoroni lisifike ndani, kisha ndiyo kiwanda, yaani ua wa ndani, uwazi na anga. Mgeni wako wa leo hana habari za stara ya wenye nyumba wale, lakini mwili wake unapita mle mle. Anatoka juani anaingia kivulini, kelele za pikipiki zinakatika, anapinda, mwanga unamshukia kutoka juu. Ukivunja ule ukuta, kila mtalii anayepita atasimama mlangoni kuwapiga picha wageni wako wakinywa chai.

Mweke mtu kwenye daka, si nyuma ya meza. Mwenye mkokoteni akitoka nao bandarini apige simu, ili yule kijana mlangoni ajue anamngoja nani na amwite kwa jina. Waketishwe uani. Maji ya kunywa matupu kwanza, kitambaa cha baridi, juisi ya ukwaju baadaye. Fomu iletwe pale kitini.

Na choo, dada! Boti ya Dar huchukua kama saa mbili hivi, wengine wametoka kwenye ndege ya usiku kucha. Nimeona hoteli yenye taa za kuning'inia za bei mbaya, na mgeni akiuliza choo anaambiwa apande ghorofa ya pili. Tafuteni nafasi chini ya ngazi, karibu na ua, mlango wake usitazamane na viti. Mabegi nayo yapate kijichumba kando ya daka, maana chumba kikichelewa kuwa tayari yatarundikwa njiani.

Udi fukizeni asubuhi na mapema, harufu ibaki, moshi uondoke. Wenye pumu hawalioni hilo kuwa ukarimu.

Meneja wa Diani

Mzee wangu, shikamoo, lakini hayo ya ukwaju ni ya mgeni wa saa kumi jioni. Wapo wanaotua usiku wa manane na watoto wamelala begani. Hao wanataka ufunguo na kitanda, na ukiwaketisha uani na kitambaa cha baridi watakulaani. Wapo pia wanaotembea tu wakitafuta chumba. Wasipomwona mtu wala meza wanaogopa kuingia.

Halafu hizo baraza za nje. Saa mbili usiku vijana wamekaa pande zote mbili wanacheza karata, mwanamke amekuja peke yake na begi lake. Ataona amekaliwa njia. Bi Kiponda, kaka yako hajakosea kila kitu.

Mpokezi wa Zamani

Marahaba. Usiku nakubaliana nawe: fomu ijazwe kabla kwa simu, ufunguo ungoje mlangoni, maji ayakute chumbani. Na usiku zaidi lazima kijana awe dakani, si kalala uani.

Baraza siziachii. Wale wanaokaa pale ndio watakaomwambia mgeni aliyepotea "hoteli ndiyo hii, pita". Wafukuze, utabaki na mlango mtupu kwenye kichochoro kitupu, na huyo mwanamke ataogopa zaidi. Zungumzeni nao, wapelekeeni kahawa, na muwashe taa ya maana juu ya mlango. Upande mmoja wa baraza ubaki wa mtaa, mwingine wekeni mito, ujulikane ni wa hoteli.

Mchora Ramani

Nimefanya kazi kwenye nyumba za mawe Unguja na Mombasa, basi niingie kwenye ukuta wenyewe. Bi Kiponda, kabla ya yote pandeni juu mwangalie boriti za mikoko zimelala kuelekea wapi. Boriti hizo hazifiki mbali, ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba, kwa kawaida chini ya mita tatu. Ukuta unaoipindisha njia huenda ndio uliobeba dari la ukumbi. Kaka akiuvunja ataning'iniza ghorofa. Na Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Kuvunja bila kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi ni kujitafutia kusimamishiwa kazi.

Kuhusu kiza, ana hoja. Jua la saa saba hufika kama laksi (kipimo cha mwanga) laki moja, ilhali mapokezi ya hoteli mara nyingi ni laksi 200 hadi 300. Jicho huhitaji dakika 20 mpaka 30 kulizoea giza sawasawa, na mgeni wako anapewa hatua nne tu. Kwa hiyo daka lisiwe na mwanga mkali wala kiza: lipakeni chokaa nyeupe, taa moja ndogo imulike kizingiti, nyingine iwe ukutani pale kwenye kona. Macho huifuata hiyo ya kona yenyewe, huna haja ya kibao cha mshale.

Kiyoyozi wekeni vyumbani. Mlango wa chini utafunguliwa kutwa. Hewa ya pwani yenye unyevu ikigusa ukuta uliopoozwa inageuka maji, na baada ya masika moja mtakuwa na ukungu kwenye lipu. Paa la plastiki juu ya ua ni jiko: jua linaingia, joto halitoki. Kama lazima mzuie mvua, paa liinuliwe juu ya kuta, pembeni kubaki wazi, hewa ya moto itoke.

Kizingiti msikikate. Tengenezeni ngazi mlazo, yaani njia ya mteremko isiyo na vidato, ya mbao ya kuwekwa na kuondolewa, mwinuko wa moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mbao ya karibu mita mbili. Magurudumu ya mabegi yatashukuru, na mwenye kiti cha magurudumu ataingia kwa mlango ule ule wa wenzake.

Kaka akisema hoteli za kisasa hazifichi mapokezi, mwonyeshe hoteli ya Kandalama ya Sri Lanka, iliyochorwa na Geoffrey Bawa, iliyofunguliwa 1994. Unapita kwanza kando ya mwamba, ziwa linajificha, halafu ghafla liko mbele yako.

Bint Kiponda

Nimemsomea kaka yote. Paa la plastiki ameliacha, la boriti limemtisha. Kaunta bado anaing'ang'ania, tumekubaliana meza ya mninga pembeni mwa ua, ionekane ukishapinda. Sasa amerukia choo: anasema chini ya ngazi kuna nafasi ya mita moja na nusu, tuanze kesho?

Mchora Ramani

Msianze kesho. Chimbeni kwanza mjue maji machafu ya juu yanashukia wapi na shimo liko upande gani. Mabomba yakilazimika kupita chini ya ule ukuta, choo kihamie upande wa pili wa ua. Pimeni pia urefu wa kwenda juu pale mtu atakaposimama, si wa pale ngazi inapoanzia. Tuma picha ya chini ya ngazi na ya dari la ukumbi.