Mafundi wa boti za faiba, silikoni ya kidole juu ya kioo kinachovuja SIYO matengenezo!

Wakuu, hii tabia imezidi. Piteni popote zinapofungwa boti za faiba za watalii na abiria, iwe Msasani, Nungwi au Kilindoni, mtazame vioo vya kibanda. Silikoni nyeupe imepakwa kwa kidole kuzunguka ukingo, juu ya silikoni ya mwaka jana, nayo imekalia ile ya mwaka juzi. Kusi likianza, aliyekaa dirishani analowa, mwenye boti anaita fundi, fundi anakuja na bunduki yake ya kukamulia silikoni, robo saa kaondoka na hela. Baada ya wiki kinavuja vilevile, na jibu ni "boti imezeeka bosi". Imezeeka nini? Imezibwa hovyo!

Kwanza hicho si kioo, ni akriliki. Ni plastiki, na plastiki inatanuka. Kipande cha mita 1.2 kikitoka nyuzi 25 alfajiri kikafika 60 juani saa saba mchana (vile vyeusi vinafika bila shida), kinarefuka karibu milimita 3. Faiba iliyokishika hairefuki hata nusu ya hapo. Jioni kinarudi. Kesho tena. Utando mwembamba wa nje utavumilia mvutano huo siku ngapi? Unaachia upande mmoja, maji yanapita nyuma yake. Kizibo kinatakiwa kiwe CHINI ya kioo, kati ya plastiki na faiba, chenye unene wa milimita 3 ili kiweze kuvutika. Wazee wa majahazi wanaingiza kalafati ndani ya mwanya wa mbao, hawaipaki juu kama siagi. Nyie mna mashine zote hizo mnashindwa nini?

Halafu hiyo silikoni inayonuka siki ni ya bafuni. Harufu ile ni asidi, na inakula fremu za aluminiamu. Kinachotakiwa ni silikoni ya nyutro (isiyo na asidi wala harufu ya siki) ya kubandikia vioo, nyeusi ili jua lisiichoshe. Wapo wengine wanaojiona wajanja wanaotumia gundi ya polisalfaidi, ile ya mianya ya sitaha za mbao. Hiyo inaishambulia akriliki yenyewe, kioo kinajaa vinyufa kama utando wa buibui. Ndivyo inavyofanya tina pia, na bado kuna fundi anafutia kioo kwa tina ili "king'ae".

Bolti ndiyo balaa kubwa. Bolti ya milimita 6 inapita kwenye tundu la milimita 6, imekazwa kwa spana hadi mwisho, tena kichwa cha kuzama kinachoingia kama kabari. Plastiki ikitaka kutanuka haina pa kwenda, inapasuka kuanzia kwenye tundu. Toboeni milimita 8 au 9, mtumie kichwa bapa chenye washa pana, na chuma cha pua kiwe daraja la 316.

Kazi yenyewe inafanywa hivi, na haiishi kwa robo saa. Kioo KINATOLEWA. Penye gundi, pitisha mshipi wa nailoni nyuma yake, watu wawili mvute kama msumeno. Silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, maana juu ya silikoni kuukuu karibu hakuna kinachoshika vizuri, hata rangi. Faiba ipigwe msasa namba 120, ifutwe kwa asetoni. Kisha imwagie maji: yakitandaa, ni safi, yakijikusanya matone, silikoni bado ipo, rudi kwenye msasa. Kioo kinaoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo tu. Asetoni isikiguse.

Kabla ya kurudisha, gonga faiba kuzunguka uwazi kwa mpini wa bisibisi. Ikilia bubu, kiini (ubao wa plaiwudi au balsa uliowekwa katikati ya tabaka mbili za faiba) kimeoza kwa maji ya miaka yote mliyokuwa mnapaka juu. Kokoa kiini kwenye ukingo kuingia ndani milimita 10 hadi 15, acha pakauke kabisa, jaza epoksi iliyofanywa nzito. Matundu ya bolti kwenye faiba yajazwe epoksi pia, ndipo yatobolewe upya. Ukiruka hapa, umefunika kidonda na usaha ndani.

Siku moja kabla ya kukirudisha kioo, kamua vipande vya silikoni hiyohiyo, vikikauka vikate unene wa milimita 3, uvipange kuzunguka uwazi viwe vizuizi. Bila vizuizi unakaza bolti, silikoni yote inakamuliwa nje, unabaki na utando mwembamba kama karatasi. Kioo cha sentimita 100 kwa 40 kina mzunguko wa mita 2.8, ukipaka upana wa milimita 20 unahitaji mililita 170 hivi, yaani zaidi ya nusu ya tyubu ya mililita 300. Fundi anayesema tyubu moja inatosha boti nzima amejisema mwenyewe. Kaza bolti kwa mkono tu mpaka silikoni itokeze kidogo pande zote. Silikoni hukauka milimita 2 hadi 3 kwa siku kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo boti isubiri wiki. Najua abiria wanasubiri. Isubiri!

Vioo vya kuteleza ni kesi nyingine. Reli ya chini ina vitundu vya kutolea maji nje, na kuna mafundi wanaviziba kwa silikoni wakidhani ndipo panapovuja! Maji yanajaa relini, yanafurika ndani ya kibanda. Chukua waya, vizibue.

Mwenye boti, usilipe kabla ya kupima. Bana karatasi za chooni ndani kuzunguka fremu, mpira wa maji uanzie chini ya kioo, dakika 10, ndipo upande pembeni, juu mwisho. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua yalikoingilia. Karatasi ikilowa, fundi akitoe tena.

Mwenye kujua duka la Tanga au Mtwara lenye silikoni nyeusi ya nyutro aweke hapa. Na fundi anayebisha aje na picha ya kioo alichokitoa.