Nilisomea sanaa huria na sayansi kwa Wajesuiti, sikusomea utawa

Wanajukwaa wenzangu,

Ninaandika haya kabla sijavua nguo za mahojiano, na hasira haijanitulia. Leo asubuhi niliketi mbele ya jopo la watu watatu katika kampuni moja huko Upper Hill, Nairobi, nikiomba kazi ya kuchanganua takwimu, na swali la kwanza nililoulizwa na mwenyekiti lilikuwa: "Dada, mbona uliacha utawa?" Wenzake wawili wakacheka. Shahada yangu ilikuwa mezani, imeandikwa wazi kwamba nilibobea katika hesabu, lakini macho yake yaliishia kwenye jina la chuo lililo juu ya karatasi, ambalo ni jina la mtakatifu.

Hii si mara ya kwanza. Ofisi niliyoipelekea vyeti vyangu ili vilinganishwe na vya hapa nchini ilinizungusha miezi minne, kwa kuwa fomu ya karani ilikuwa na nafasi ya sanaa na nafasi ya sayansi, wala haikuwa na nafasi ya mtu aliyesoma zote mbili. Mwishowe akaniandika chini ya "masomo ya dini". Nilipokataa, aliniambia nishukuru kwamba nimeandikwa popote.

Basi nieleze hiyo sanaa huria na sayansi niliyosomea. Katika chuo nilichosoma nchini Marekani, cha Wajesuiti, yaani shirika la watawa wa Kikatoliki, kila mwanafunzi, awe wa biashara au wa kemia, hupitia kwanza masomo ya msingi ya pamoja: falsafa, theolojia, historia, fasihi, hesabu, na sayansi yenye maabara. Theolojia niliisoma mihula miwili kati ya minane, na aliyetushinda sote katika darasa hilo alikuwa Mwislamu. Utaratibu huu haukubuniwa jana. Wajesuiti walifungua chuo huko Messina mwaka wa 1548, miaka 8 tu baada ya Papa Paulo III kuliidhinisha shirika lao, lililoanzishwa na Inyasi wa Loyola, na mwaka wa 1599 wakatoa mwongozo wa masomo kwa shule zao zote, ambamo hesabu na falsafa ya maumbile, yaani sayansi ya zama hizo, zilipewa nafasi pamoja na balagha na Kilatini.

Nyuma ya mwenyekiti ilining'inia kalenda ya benki. Kalenda hiyo, inayomjulisha siku ya mshahara, ilirekebishwa mwaka wa 1582 chini ya Papa Gregori XIII, na miongoni mwa waliopiga hesabu zake, kisha akaitetea kwa maandishi, ni Mjesuiti Christopher Clavius, mwalimu wa hesabu katika chuo chao cha Roma. Nilitamani sana kumwonyesha. Nilinyamaza, maana mwomba kazi hana ubavu wa kumsomesha anayemhoji.

Waajiri wa aina hiyohiyo ndio wanaolalamika kila siku kwamba wahitimu wetu hawawezi kuandika ripoti ya kurasa mbili ikaeleweka. Nilipowaomba wanipe takwimu zozote nizichanganue na kuziandikia maelezo papo hapo, waliniambia kwamba muda umekwisha, ingawa dakika tano nzima zilikuwa zimeteketea katika habari za utawa.

Cheti cha ulinganifu kingali katika ofisi ile. Nimekataa kukichukua kikiwa na maneno "masomo ya dini". Aliyewahi kukata rufaa katika jambo kama hili anieleze alianzia wapi.