Rasimu naiandika kwa hamu, kuirudia moyo wakataa: nifanyeje?

Mkomani_Kalamu (Amu)

Asalaam alaykum wanabaraza. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii.

Naandika makala za Kiswahili mtandaoni: uvuvi, mapishi ya pwani, ufundi wa vyombo vya baharini. Makala mbili kwa wiki, kila moja maneno 700 hadi 900, na wasomaji karibu wote wasomea simu. Rasimu ya kwanza si tabu, saa mbili imekwisha. Tabu ni kuirudia. Hapo moyo wakataa, makala yapanda jinsi ilivyo. Wengi hawafiki mwisho, na wanaofika wauliza maswali ambayo majibu yake yamo humo humo ndani.

Mambo mawili nauliza. Kitu gani kimsukume mwandishi aboreshe kazi yake wakati hakuna mhariri anayemngoja wala malipo ya maana? Na akishasukumwa, aanzie wapi? Mwanzo wa makala yangu ya ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi na jua) ndio huu, ukosoeni bila huruma:

"Katika makala hii tutaweza kuangalia namna ambavyo samaki anaweza kukaushwa. Kama tunavyojua, samaki ni chakula muhimu sana katika maisha ya watu wa pwani tangu enzi za mababu. Kuna njia mbalimbali za kumhifadhi samaki na mojawapo ya njia hizo ni kumfanya ng'onda, ambapo chumvi ya kutosha hutumika na samaki kuweza kuanikwa juani kwa muda wa kutosha."

Sabaki (Malindi)

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Sababu ya kujisumbua imo ndani ya aya yako mwenyewe. Umeandika "kutosha" mara mbili. Chumvi ya kutosha, muda wa kutosha. Mtu aliyekaa Mambrui na kilo kumi za samaki mbele yake, barafu hana, atatia chumvi viganja viwili na kuanika kutwa moja, maana hivyo ndivyo anavyoona yatosha. Siku ya tano mafunza. Hatakulaumu, hata jina lako hajalishika. Samaki wamekwenda.

Huyo ndiye wa kukukalisha kitako usiku urudie kazi. Sifa za watu zapanda na kushuka na mwandishi hana mamlaka nazo. Ukizifanya ndizo chakula cha moyo, wiki ya ukimya kalamu yalala. Mtu atakayefuata maneno yako kwa mikono yake hashuki wala hapandi, yupo kila makala. Kabla hujaanza kuandika, mpe sura: ana nini mkononi, anajua nini tayari, na akikosea atapoteza nini. Andika mistari mitatu hiyo juu kabisa ya rasimu, uifute siku ya kuchapisha.

Sasa kazi yenyewe. Sentensi mbili za kwanza zifutwe zote. Hazimwambii kitu asichokijua. Hakuna mtu wa pwani anayehitaji kuelezwa kuwa samaki ni chakula. Mwanzo wa namna hiyo ni mwandishi anajipasha moto, na si vibaya kuuandika, vibaya ni kuuacha. Katika rasimu nyingi makala halisi huanza aya ya pili au ya tatu. Itafute sentensi ya kwanza ambayo msomaji angeikosa kama ingeondolewa, uanzie hapo.

Halafu fungua kitafutio cha simu ndani ya makala, andika "weza". Kila linapotokea jaribu kulitoa. "Tutaweza kuangalia" ni tutaangalia. "Kuweza kuanikwa" ni kuanikwa. "Kuweza" libaki pale tu ambapo kuna uwezekano wa kushindwa. Ukimaliza tafuta "ambapo" na "ambavyo". Nyingi zaweza kumezwa na kitenzi. "Namna ambavyo samaki anakaushwa" si tamu kama "anavyokaushwa samaki".

Usijaribu kurekebisha kila kitu kwa mkupuo. Hapo ndipo moyo unapokatika: mtu asoma kanuni ishirini, afungua rasimu, aona makosa hamsini, afunga. Chagua kosa moja ulifuate makala nne mfululizo, yaani wiki mbili kwa mwendo wako. Likianza kukukera kabla hujaliandika, ingia jingine.

Mwalimu wa Insha

Naongeza juu ya hilo la msomaji mmoja. Mwana Kupona binti Msham, mshairi mashuhuri wa pwani, alipotunga utendi (utenzi) wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na alikuwa akimwandikia binti yake. Mtu mmoja, anayemjua hadi tabia. Ndiyo maana kila jambo mle limelenga mahali pake. Anayeandikia "wasomaji wote" huishia kueleza mambo yote kwa kimo kimoja, na hapo ndipo "kama tunavyojua" inapoingia.

Sasa zoezi, na mtu wa Amu, yaani Lamu, halitamshinda. Kabla hujairudia rasimu, itie makala nzima katika ubeti mmoja wa utenzi: vipande vinne, kila kipande mizani (silabi) nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kina chake. Mizani 32 tu. Ng'onda wako ungekuwa hivi:

Mpasue mgongoni
chumvi tele tia ndani
kisha mwanike juani
hadi maji kukauka

Si ushairi wa kumpelekea mtu, ni ratili ya kupimia makala. Tazama kilichojitokeza: kitendo, kitendo, kitendo, na lengo. Lengo ni maji yatoke. Katika aya yako neno "maji" halimo hata mara moja, na ndilo sababu ya chumvi, sababu ya jua, sababu ya kila kitu. Ukishindwa kuijaza mizani 32, hujaamua unachotaka kusema, na kusahihisha nukta na mkato hakutasaidia. Ukiona yajaa na kumwagika, una makala mbili zilizofungwa kamba moja, zitenganishe.

Baada ya hapo acha usiku mmoja upite. Jicho lililotoka kuandika husoma kilichokusudiwa, haliwezi kuona kilichoandikwa. Asubuhi isome kwa sauti, polepole. Maneno 800 yatakuchukua kama dakika nane. Penseli mkononi. Pumzi inapokatika kabla ya nukta, weka alama. Ulimi unapogonga mwamba, weka alama. Usisimame kurekebisha, maliza kwanza. Kiswahili ni lugha ya sikio, na sentensi mbovu sikio huikataa kabla akili haijajua sababu.

Langoni

Mashekhe, semeni na la pesa pia. Mtu ana haki ya kutaka kulipwa kwa kalamu yake, na hiyo nayo ni sababu safi ya kuboresha. Anayetafuta mwandishi wa Kiswahili kwa tovuti ya hoteli, shirika au gazeti husoma kazi mbili tatu za mwanzo anazozikuta, aya ya kwanza tu. Akiona "thamani" imeandikwa "dhamani" na "tathmini" imekuwa "tadhmini", amepita. Si kwa sababu kosa ni kubwa, ni kwa sababu amepiga hesabu ya muda atakaoupoteza kusahihisha.

Kwa hiyo Mkomani, teua makala tano bora ulizo nazo, zioshe mpaka zing'ae, ndizo uwe unaonyesha. Makala mia zenye vumbi hazimsaidii mtu.

Sabaki (Malindi)

Kweli, Langoni, ila pesa huja mwishoni mwa safari, na yeye amekwama mwanzoni. Kitu cha kumvuta kila wiki kinatakiwa kiwe karibu. Mimi ningeshauri kipimo hiki: mpe mtu mmoja makala kabla ya kuchapisha, asome mara moja, afunge simu, kisha akusimulie hatua. Usimuulize "imekupendeza?" Kwa heshima ya watu wetu atasema imependeza. Muulize, "Utaanza na nini? Chumvi kiasi gani? Utajuaje kuwa amekauka?" Asipojibu, kosa ni la ukurasa. Na yale maswali unayoulizwa ambayo majibu yake yamo ndani, yakusanye: swali likiulizwa na watu watatu, sentensi hiyo imefichwa au imechelewa. Ipandishe juu.

Kalafati (Matondoni)

Hamujambo. Kuna sababu moja haijatajwa, na kwa anayeandika mambo ya bahari naiona nzito kuliko zote.

Maneno. Ukiandika "kuziba nafasi za mbao za boti kwa pamba", umeeleweka, lakini umelizika neno kalafati. Mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo), foromali, deheni (mafuta ya kupaka chombo maji yasipenye), sifa (mafuta ya samaki ya kupaka mbao): yapo midomoni mwa mafundi, na maandishi yanayoeleza kila kimoja ni kipi ni machache. Kijana anayetafuta leo kwenye simu atapata ulichoandika wewe au hatapata kitu. Mwandishi aliyelegea huandika "boti" kwa kila kinachoelea. Aliye makini hutenga jahazi na mashua, dau na ngalawa, maana kwa asomaye kwa kutaka kujua hivyo ni vyombo vinne.

Na ukivitenga, ngeli zifuate. Jahazi lilitweka, dau lilitweka. Mashua ilitweka, ngalawa ilitweka. Chombo kilitweka. Hapa wengi huteleza: waanza na "jahazi lilifika", mstari wa tatu "ikatia nanga". Ukirudia rasimu, fanya mpito mmoja wa ngeli peke yake, kidole juu ya kila nomino, uangalie kila kiambishi kinachoifuata.

Kuhusu Kiamu. Usiogope lahaja yako, lakini iwekee mahali. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya kukisimamia ikaundwa 1930. Uamuzi ule haukukifanya Kiamu kuwa makosa. Tungo kubwa za zamani zimeandikwa kwa lugha hii ya kaskazini. Ila msomaji wa Mwanza akikuta "ndia" (njia) atasita, na akikuta "mato" (macho) atadhani umekosea. Basi: maelezo na hatua kwa Kiswahili sanifu. Maneno ya watu wanapozungumza, yaache kama walivyosema. Neno la ufundi, litumie na ulieleze mara ya kwanza ndani ya sentensi ile ile, kwa mfano "foromali, ule mti unaobeba tanga", kisha endelea nalo bila kuomba radhi.

Jambo la mwisho dogo. Zima kisahihishaji cha Kiingereza kwenye kibodi ya simu. Chabadilisha maneno kimya kimya, na makosa mengine yanayoonekana ya uzembe ni yake.

Kipini

Na picha jamani. Picha ya simu yaweza kufika MB 3 au 4. Makala yenye sita za namna hiyo yamla msomaji bando kabla hajaona neno. Ipunguze upana hadi pikseli 1200, uzito usizidi KB 200. Huenda baadhi ya wasiofika mwisho hawajafika hata mwanzo.

Mkomani_Kalamu (Amu)

Shukrani nyingi, Mola awalipe. Kosa la kwanza la kulifuata ni "kutosha" na ndugu zake: "kiasi", "baadhi", "muda fulani". Mwanzo mpya ni huu:

"Ng'onda anayeoza siku ya tano ameharibika tangu siku ya kwanza: maji hayakutoka nyamani. Kwa kila kilo tatu za samaki tayarisha kilo moja ya chumvi. Mpasue mgongoni, toa matumbo na matamvua, mwoshe damu yote iishe. Penye mnofu mnene mkate mikato, kisha sugua chumvi mpaka ndani ya mikato hiyo. Mlaze katika chumvi usiku kucha. Asubuhi msuze kwa haraka, mwanike juu ya chanja kwa siku tatu."

Mwalimu wa Insha

Tofauti ya usiku na mchana. Sentensi ya kwanza yamkamata mtu aliyewahi kupoteza samaki, na "maji" yamekaa pake. Hesabu vitenzi: kila sentensi ya hatua inaanza na kitendo au inakikaribia. Endelea hivyo.

Sentensi ya mwisho irefushe kidogo. Kwa nini chanja? Sema: upepo upite chini na juu, na mchanga usimshike. Sababu ya maneno machache yamfanya msomaji asiiruke hatua.

Kalafati (Matondoni)

"Siku tatu" itamponza mtu. Ni siku tatu za kaskazi, jua kali na upepo mkavu. Akianika wakati wa masika siku tatu ni bure, na usiku asipomwingiza ndani umande wamrudishia maji yote. Mpe kipimo cha kidole badala ya siku: abonyeze kwa gumba pale penye mnofu mnene kuliko pote. Alama ya kidole ikibaki, bado. Isipobaki, ng'onda yu tayari.

Mkomani_Kalamu (Amu)

Nimeifuta "siku tatu", nimetia gumba na umande. Kesho asubuhi naisoma kwa sauti, kisha nampa jirani asiyewahi kukausha samaki anisimulie hatua kabla ya makala kupanda.