Trauti wa Thego mapezi yameliwa, shida ni nini?

Ndoano_Nyeri:
Wadau habari zenu. Jumamosi nilikuwa mto Thego huku juu karibu na msitu, nikatoa trauti reinbo wanne na wawili wamenisikitisha kweli. Pezi la mgongoni limebaki kisiki tu, yale ya kifuani mafupi na miiba yake imepinda-pinda kama waya. Mwili safi, hakuna kidonda, na walivuta laini kwa nguvu tu. Niliwaachia lakini roho haijatulia, huu mto nimeujua tangu utotoni. Ni ugonjwa ama kuna mtu anamwaga dawa ya shamba huko juu?

Fundi_wa_Vidimbwi:
Bro kabla ya kulaumu mto uliza samaki ametoka wapi. Mimi nimelea trauti miaka sita na hiyo picha unayoeleza ni ya samaki wa tangi aliyepandikizwa mtoni. Trauti ni mgomvi, ukiwajaza pamoja wanang'atana hasa saa ya chakula, na pezi la mgongoni ndilo linaumwa kwanza, ukiwapunguzia chakula ndio vita inazidi kabisa. Ya kifuani yanasagwa na simiti maana samaki anajikuna sakafuni na ukutani mchana na usiku. Pezi likipona miiba inaunga vibaya, hiyo kupinda ndio kovu lenyewe, kwa hivyo wako aliumia zamani. Ukimpata mwingine kama huyo, kula bila wasiwasi.

MamaSamaki:
Nakubaliana na Fundi ila angalia ukingo wa pezi. Ukiwa laini na wa rangi ya kawaida, hilo ni kovu. Ukiwa mweupe, umechanika-chanika, na wekundu wa damu kwenye mzizi, hiyo ni bakteria na bado inakula. Maji yakipanda nyuzi 20 hivi trauti anachoka na magonjwa yanapata nafasi, ndio maana kiangazi mto ukipungua mimi naacha kuvua kabisa. Ukiona kitu kama pamba ni fangasi, huyo huingia mahali pameshaumia, hakuanza yeye. Na jamani tuloweshe mikono kabla ya kushika samaki, na hizi nyavu za nailoni zenye mafundo tuache, zinapasua mkia na kutoa ute, tunaharibu wenyewe halafu tunatafuta mchawi.

Mkenya_Seattle:
Nyongeza kidogo. Jike akitaga anachimba changarawe kwa mkia, sehemu ya chini inaisha hadi inakuwa nyeupe, wageni wengi hudhani ni ugonjwa. Halafu huku jimbo la Washington samaki wa kituo cha kulelea vifaranga hukatwa makusudi lile pezi dogo la mafuta karibu na mkia, ndio alama ya kumtofautisha na wa porini, steelhead (yaani reinbo anayeenda baharini na kurudi mtoni) wa porini kwa kawaida unamrudisha. Hiyo ukiiona kovu ni safi kama limepigwa wembe, halifanani kabisa na la kusagwa.

Ndoano_Nyeri:
Asanteni sana, nimerudi kwa picha nikazoom. Wale wawili ukingo laini, hakuna weupe wala damu. Lakini wa tatu, ambaye nilimwona mzima, mkia umepasuka katikati na hapo pana wekundu mbichi. Nadhani huyo ni wavu wangu, una mafundo, nimeununua mwaka jana. Kuna mtu anajua wapi Nyeri ama Nanyuki naweza pata wa mpira?